Daftari la Kanda

Kibwana, umekuja na kalamu na simu yenye chaji,
unataka nikutajie filamu tano, bora kuliko zote,
tano tu, shangazi, zipangwe
kama timu za ligi.
Mimi niliyekaa miaka kumi na mmoja nyuma ya kaunta
Magomeni Mapipa, nikikodisha kanda,
mia tano kwa usiku, na faini ya mia mbili
kwa asiyerudisha nyuma mpaka mwanzo,
leo unanibana kwa tano?

Haya. Andika.

Ya tano niliiona nusu.
Si nusu ya mwanzo, si ya mwisho: nusu ya juu.
Kibanda cha Mzee Tamimu kilikuwa na dirisha la pazia la gunia,
nami nilipanda debe kwa kukosa kiingilio.
Niliona vichwa vikigombana, kofia zikiruka,
mawingu, ngumi zikitokea nisikokujua.
Mpaka leo sina hakika kama wale watu walikuwa na miguu.

Ya nne ni ya Kihindi, saa tatu na ushee.
Daftari linasema Bi Mtumwa aliikodi mara ishirini na sita,
naye Kihindi hajui hata cha kuombea maji.
Alilia pasipo na cha kulilia:
pale mwanamume anapofunga geti. Basi, anafunga geti.
Nikamuuliza kulikoni.
"Ndivyo alivyolifunga," akasema.
Tangu siku hiyo sijaona geti likifungwa bure.

Ya tatu ni ya mateke, yenye babu wa ndevu nyeupe.
Shomvi alikaa na kipaza sauti kando ya runinga
akimwaga maneno yake juu ya maneno yao:
babu akawa mganga wa Rufiji,
adui akawa mwenye nyumba,
anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.
Ukumbi mzima ulisimama na mpangaji!
Miaka ikapita, nikasoma maandishi chini ya picha,
kumbe walikuwa wanagombea ufalme.
Ufalme! Nikazima.
Andika ya Shomvi. Hiyo ya wafalme siijui.

Ya pili acha wazi. Usinitolee macho.
Ilete wewe Jumapili, tuitazame, nikuambie kama inafaa.
Orodha isiyo na kiti cha mgeni
ni orodha ya madeni.

Ya kwanza.
Kanda nyeusi, lebo imebanduka.
Mtu ananing'inia ghorofani kwa vidole vinne,
kimoja kinateleza, muziki unapanda,
halafu mistari myeupe, kwiii,
na hapo hapo bwana harusi anaingia ukumbini na suti ya kuazima.
Mteja karekodi harusi ya dada yake
juu ya mwisho wa sinema yangu!
Nilimtoza faini, nikamtukana na ukoo.
Usiku, peke yangu, nikaitazama harusi yote:
watu wanakula, mtoto kalala kitini mdomo wazi,
na nyuma yao anapita mwanamke na sinia la pilau,
anageuka, anaona kamera,
anaziba kicheko kwa pindo la khanga.
Sekunde tatu. Nne, ukihesabu na sinia.

Bibi yako huyo, Kibwana.
Picha yake nyingine inayotembea hakuna.

Mashine ya kuichezea ilikufa,
fundi wa Kariakoo kanionyesha mikono mitupu.
Kanda imo kabatini, ndani ya soksi ya sufi.
Unauliza inaitwaje? Andika: haina jina.
Na yule wa ghorofani?
Hajaanguka. Nani kakuambia kaanguka?

Nasikia Sinza yupo kijana anahamishia kanda kwenye simu.
Ichukue. Nenda nayo kwa bajaji, usiipigishe jua.
Nakuandika daftarini kama mteja yeyote:
Kibwana, kanda moja, tarehe ya leo.
Na ukiileta haijarudishwa nyuma mpaka mwanzo,
mia mbili.